Upo kwenye waifai lakini bando linaisha? Simu yako imehama

Umekaa ofisini au kwenye hoteli mjini Sumbawanga, waifai ipo, unaangalia video bila presha. Mara meseji inaingia: umetumia asilimia 75 ya bando. Hujaibiwa. Simu imebadilisha njia bila kukuuliza.

Simu janja inaingia intaneti kwa njia mbili: mnara wa kampuni ya simu, au waifai. Waifai ikizidi kuwa dhaifu, simu nyingi zinarudi zenyewe kwenye laini ili usikatike katikati. Kwenye iPhone kitu hicho kinaitwa Wi-Fi Assist, kilikuja 2015, na simu inakuja kikiwa kimeshawashwa. Mwaka huohuo kuna wateja Marekani waliishtaki Apple wakidai kimewalia data. Samsung na Android nyingine nyingi nazo zina swichi ya aina hiyo. Ingia mipangilio ya waifai, iangalie kama ipo, uizime kama bando lako ni dogo. Hasara yake ni kwamba simu ya WhatsApp inaweza kukatika ukitoka tu mlangoni.

Kuhamia waifai kunasaidia hata wale ambao hawana. Watu wote wa mnara mmoja wanagawana uwezo wake, ndo maana usiku wengi wakiwa hewani net inakuwa nzito. Ukitoka mjini kwenda Laela au Matai, huenda usipate waifai ya kukimbilia, kwa hiyo kazi nzito zimalize kabla: masasisho ya programu, kuhifadhi picha mtandaoni. WhatsApp nayo izuie kupakua video yenyewe ukiwa kwenye laini.

Kama modemu inatoa waifai mbili, ya 5 GHz ina kasi zaidi ila ukuta wa tofali unaipunguza haraka. Ukiwa chumba cha nyuma tumia ya 2.4 GHz.

Halafu kuna hotspoti, na hapa ndipo watu wanagombana. Simu yako inaweza kuiona hotspoti ya rafiki kama waifai ya kawaida, hivyo masasisho yaliyokuwa yanasubiri waifai yanaanza kushuka kwa bando lake. Ukishaunganisha tu, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye mipangilio: Android chagua kwamba ni mtandao unaopima data, iPhone washa hali ya kubana data.