Mume kasepa, benki ikabisha hodi

Wadau, huu sio umbea wa juzi. Uingereza, 1957, jamaa mmoja wa mji wa Hastings alisepa, akamwacha mkewe na watoto ndani ya nyumba. Hati ilikuwa na jina la jamaa peke yake. 1959 akaihamishia kwenye kampuni yake mwenyewe (jeuri hiyo!), kampuni ikakopa benki, dhamana nyumba ileile. Deni halikulipwa, benki ikataka nyumba. Mama alishinda Mahakama ya Rufani, ila 1965 House of Lords ikampindua: haki yake ya kukaa pale ni kwa mume, sio kwa benki.

Bunge likatunga sheria 1967, mwenzi asiye kwenye hati aweze kuiandikisha haki yake, benki au mnunuzi akikagua aikute.

Bongo tuna Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mwenzi anaweza kuwekea zuio kwa msajili wa hati. Ila kinga hiyo ni ndoa ikiwa bado ipo, dada. Usisubiri mpaka talaka itoke.