Jezi moja, pasipoti mbili: koo za mpira wa magongo kutoka Nairobi hadi Birmingham

Kwa zaidi ya miaka thelathini, koo za Masingasinga na Wagoa zilikuwa uti wa mgongo wa timu ya Kenya ya mpira wa magongo. Makala haya yanafuatilia jinsi jezi waliyoivaa ilivyobadilika, na jinsi nchi yenyewe ilivyobadilika pamoja nayo.

 Leo tunaanzia mahali ambapo huenda wengi wenu hamkutarajia: Northfield, kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham, nchini Uingereza. Treni inayotoka Northfield kuelekea katikati ya jiji hupita King's Norton, Bournville na Selly Oak, kisha husimama kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Birmingham. Katika viwanja vya chuo hicho ndimo ulimochezwa mpira wa magongo wa Michezo ya Jumuiya ya Madola, kati ya mwezi Julai na Agosti mwaka 2022. Kenya ilipeleka huko timu yake ya wanawake.

Kwa watazamaji wengi, hiyo ilikuwa timu changa kutoka Afrika iliyokuja kujifunza mbele ya vigogo kama Australia na New Zealand. Lakini Birmingham ni jiji lenye wazee waliozaliwa Nairobi, Kisumu na Mombasa, wanaokumbuka enzi ambazo Kenya ndiyo iliyokuwa ikiogopwa. Wengi wao wana asili ya Bara Hindi. Waliwahi kuishangilia timu hiyo wakiwa vijana, na baadaye wakajikuta ni raia wa nchi nyingine. Ili kuelewa mambo yalifikaje hapo, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya karne moja.

Kati ya mwaka 1896 na 1901, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kazi ilipokwisha wengi walirejea kwao, ila maelfu kadhaa walibaki. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga, mafundi wa chuma, mbao na mawe. Kutoka Goa, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno, walikuja makarani, wapishi na mafundi cherehani. Jamii zote mbili zilikuja na gongo. Kila jamii ikaunda klabu yake, na katika klabu hizo mtoto alijifunza kupiga mpira akimtazama baba yake, kaka yake au mjomba wake. Mwishoni mwa mwaka 1947, gwiji wa India, Dhyan Chand, alikuja Afrika Mashariki na timu ya nchi yake, na ziara hiyo ikazidi kuwatia vijana hamasa.

Hivi ndivyo koo za magongo zilivyozaliwa. Haukuwa ufalme wa damu tu. Klabu ilikuwa uwanja, ilikuwa mahali pa harusi na mahali pa kuzungumzia shida. Aliyerithi nafasi ya mshambuliaji au mlinzi alirithi pia heshima ya jamii yake.

Kenya iliingia katika mpira wa magongo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956, ikiwa bado koloni. Bendera yake ilikuwa ya buluu, yenye alama ya Uingereza pembeni na simba mwekundu. Mjini Rome mwaka 1960 ilishika nafasi ya saba. Katika kikosi hicho alikuwamo mlinzi kijana, Avtar Singh Sohal, pamoja na Surjeet Singh Panesar, Hilary Fernandes, Alu Mendonca na mlinda mlango John Simonian. Fikirieni, wasikilizaji: Masingasinga wenye vilemba na Wakatoliki kutoka Goa, wakiiwakilisha nchi ya Kiafrika chini ya bendera ya Malkia wa Uingereza.

Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, wengi wa wachezaji hao walirudi uwanjani, safari hii wakiwakilisha taifa huru. Tarehe 12 Disemba mwaka 1963 Kenya ilikuwa imejipatia uhuru, na bendera yenye nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, pamoja na ngao na mikuki, ikachukua nafasi ya ile ya kikoloni. Michezo ya Tokyo ndiyo iliyompa Wilson Kiprugut nishani ya shaba katika mbio za mita 800, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Timu ya magongo, ikiongozwa na nahodha Avtar Singh Sohal, ilimaliza ya sita duniani.

Kubadili alama ya jezi ni kazi ya siku moja. Kubadili uraia ni jambo zito zaidi. Serikali ya Kenya iliwapa wakazi wenye asili ya Asia miaka miwili baada ya uhuru kuomba uraia. Wengine waliomba mara moja. Wengine walisita, wakashikilia pasipoti za Uingereza ambazo waliahidiwa kuwa zingewalinda. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na ghafla wale wasiokuwa raia wakahitaji vibali vya kufanya kazi katika mji waliozaliwa. Maelfu wakaanza kukata tikiti za ndege kwenda London.

Uingereza nayo ikafunga mlango. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi mwaka 1968 ilisema kwamba pasipoti ya Uingereza peke yake haitoshi. Ilitakiwa mwenye pasipoti hiyo, au mzazi wake, au babu yake, awe na uhusiano na visiwa vya Uingereza kwenyewe. Kwa wengine ziliwekwa vocha 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell alisimama katika hoteli moja mjini Birmingham na kutoa hotuba kali dhidi ya wahamiaji, hotuba iliyotikisa siasa za Uingereza kwa miaka mingi.

Oktoba mwaka huo huo, mjini Mexico City, wanaume wenye majina yale yale ya Singh na Fernandes waliivalia Kenya jezi na kuifikisha nafasi ya nane duniani. Mchezaji angeweza kuwa shujaa wa taifa siku ya Jumamosi, na Jumatatu jirani yake mwenye jina kama lake akawa kwenye foleni ya ubalozi.

Waliofanikiwa kuingia Uingereza walitawanyika: London, Leicester na Birmingham. Hapa Birmingham wengi walikwenda Handsworth na Smethwick, ambako tayari palikuwa na Masingasinga waliotoka moja kwa moja Punjab. Upande wa Northfield ulikuwa ulimwengu mwingine, mitaa ya wafanyakazi wa Kiingereza wa kiwanda cha magari cha Longbridge, kilichoanzishwa mwaka 1905 na kufungwa mwaka 2005 baada ya kampuni ya MG Rover kufilisika. Katika jiji hili la viwanda, gongo lilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mgeni hakuhitaji kuvifafanua. Hadi leo klabu kama Barford Tigers ya Birmingham inajulikana kwa wachezaji wake wenye asili ya Bara Hindi.

Wakati huo huo, waliobaki Nairobi walikuwa wanafikia kilele chao. Oktoba mwaka 1971 Kombe la kwanza la Dunia lilichezwa Barcelona. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania bao moja kwa bila. Katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu ilishindwa na India mabao mawili kwa moja, tena baada ya muda wa nyongeza. Nafasi ya nne duniani: hakuna timu ya wanaume ya Kenya iliyowahi kufika hapo tena katika mchezo huu.

Nchi jirani ya Uganda ilipata kisa cha kuhuzunisha zaidi. Mapema mwezi Agosti mwaka 1972, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia watafukuzwa nchini na kuwapa siku tisini. Mwishoni mwa mwezi huo timu ya magongo ya Uganda, yenye wachezaji wa asili ya Asia, ilishuka uwanjani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich. Ilitoka sare ya bao moja kwa moja na Ujerumani Magharibi, timu ambayo hatimaye ilitwaa nishani ya dhahabu. Wanaume hao waliitetea nchi iliyokuwa ikihesabu siku za kuwaondoa ndugu zao.

Wasikilizaji, yafaa tulinganishe. Nahodha wa Ujerumani Magharibi mjini Munich alikuwa Carsten Keller. Baba yake, Erwin, alipata nishani ya fedha kwa Ujerumani mwaka 1936. Mwanawe Andreas alipata dhahabu mwaka 1992 akiivalia jezi Ujerumani iliyoungana, na binti yake Natascha akapata dhahabu mwaka 2004. Nchi ilibadilika, ukoo ukabaki pale pale. Upande wa Bara Hindi mambo yalikuwa tofauti: Ali Dara alitwaa dhahabu na India mwaka 1936, na baada ya nchi kugawanywa akawa nahodha wa Pakistan mwaka 1948. Koo za Afrika Mashariki zilikuwa katikati ya hali hizi mbili. Hazikuhama kwa sababu mpaka umechorwa upya. Zilihama kwa sababu sheria mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya London, ziliwaambia kwa zamu kwamba wao si wa hapa.

Hata hivyo, si wote walioondoka. Wachezaji kadhaa wa Kigoa wa enzi hizo walihamia Kanada, lakini Avtar Singh Sohal alibaki Nairobi. Alicheza Olimpiki nne, kuanzia Rome hadi Munich, tatu kati ya hizo akiwa nahodha, na baadaye akawa kocha. Klabu ya Sikh Union ya Nairobi kwa muda ilijulikana pia kama Simba Union. Jina hilo lilichaguliwa kwa hekima, kwani neno Singh lenyewe maana yake ni simba. Walilitafsiri jina lao kwa Kiswahili na kuendelea kulibeba.

Kenya ilisusia Michezo ya mwaka 1976 na ile ya 1980 kwa sababu za kisiasa. Iliporudi Los Angeles mwaka 1984 ilishika nafasi ya tisa, na orodha ya wachezaji ilisimulia hadithi mpya. Majina ya Panesar na Fernandes yalikuwamo bado, ingawa jina moja si lazima liwe nyumba moja. Kando yao walikuwamo Lucas Alubaha, Michael Omondi na Julius Akumu. Gongo lilikuwa limevuka uzio wa klabu za jamii na kufika shuleni, jeshini na kwenye mashirika ya umma. Mwaka 1988, mjini Seoul, wanaume wa Kenya walicheza Olimpiki kwa mara ya mwisho hadi sasa.

Sababu mojawapo ya kuporomoka huko ni uwanja wenyewe. Tangu Montreal mwaka 1976, magongo ya Olimpiki huchezwa kwenye nyasi za bandia, ambazo ni ghali kuziweka na kuzitunza. Mtoto aliyezoea uwanja wa udongo au wa nyasi za kawaida hakuweza kushindana na Mholanzi aliyekulia kwenye zulia hilo. Jezi nazo zikabadilika: pamba nzito ikaacha nafasi kwa kitambaa chepesi cha viwandani, na jina la mfadhili likapanda kifuani.

Ndipo ukazuka ufalme wa aina nyingine, wa wanawake. Timu ya shirika la simu la Telkom ilitawala ligi ya Kenya na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Ukitaka kujua historia ya kampuni hiyo, tazama jina la timu. Baada ya Wafaransa kununua hisa na kuleta jina la Orange mwaka 2008, timu ikaitwa Telkom Orange. Jina hilo lilipoondolewa mwaka 2017, timu nayo ikalivua. Ufadhili ulipokatika, wachezaji waliendelea wakiitwa Blazers. Ukoo huu haukufungwa na damu wala dini, ila na mazoezi ya kila jioni, na mfadhili alipoondoka wenyewe walibaki.

Tangu katiba ya mwaka 2010, Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mjukuu wa mchezaji wa mwaka 1964, akiwa amezaliwa Birmingham, anaweza leo kushika pasipoti zote mbili ambazo babu yake alilazimishwa kuchagua mojawapo. Lakini sheria za mchezo haziruhusu kuvaa jezi mbili kwa wakati mmoja. Anayetaka kubadili nchi hana budi kusubiri miaka. Swali lililowasumbua wazee wake bado lipo. Tofauti ni kwamba safari hii ni yeye mwenyewe atakayelijibu, wala si afisa wa uhamiaji.