Hati Isiyo na Tarehe: Amri Kumi katika Majengo ya Serikali ya Marekani

Katika viwanja vya Bunge la Texas mjini Austin limesimama jiwe la graniti lenye urefu wa futi 6, nalo limechongwa Amri Kumi. Anayelisogelea huona mengi zaidi ya amri: tai aliyekamata bendera ya Marekani, jicho ndani ya piramidi, Nyota mbili za Daudi na herufi mbili za Kigiriki zinazosimama badala ya jina la Kristo. Chini kabisa wametajwa waliolitoa mwaka 1961, chama cha kiraia kiitwacho Fraternal Order of Eagles, kilichotaraji kwamba amri hizo zingewasaidia vijana waliokuwa wakipotoka.

Tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jiwe hilo libaki. Siku hiyohiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4 tena, iliamua kwamba kaunti za McCreary na Pulaski, jimboni Kentucky, zisiruhusiwe kutundika Amri Kumi katika majengo ya mahakama zao. Jaji mmoja tu, Stephen Breyer, alikuwa upande wa walioshinda katika kesi zote mbili.

Wapo walioona hukumu hizo kuwa kigeugeu. Hawakuangalia vizuri yaliyotundikwa.

Kentucky ilianza mwaka 1999 kwa kutundika Amri Kumi peke yake katika fremu. Kesi ilipofunguliwa, kaunti zikaizungushia hati nyingine, zote zikiwa na vifungu vinavyomtaja Mungu. Mahakama ilipoingilia kati, zikabadilisha tena: safari hii Amri Kumi zikawekwa pamoja na Magna Carta ya mwaka 1215, Azimio la Uhuru na hata maneno ya wimbo wa taifa, na mkusanyo wote ukaitwa misingi ya sheria na serikali ya Marekani. Jaji David Souter alishangaa: vipi misingi hiyo haina Katiba ya mwaka 1787? Swali lake ndilo linalopaswa kuulizwa kila mara serikali inaposema inaonyesha historia. Mtunza makumbusho huanza na jambo analotaka kulieleza, kisha akatafuta hati za kulieleza. Kaunti zile zilianza na hati ziliyoitaka, zikatafuta maelezo baadaye, mara mbili, zikiwa tayari zimeshtakiwa.

Dini yenyewe haikatazwi. Ndani ya ukumbi wa Mahakama ya Juu mjini Washington, Musa amechongwa juu ukutani katika msafara wa watoa sheria 18, pamoja na Hammurabi, Confucius, Mtume Muhammad na Napoleon. Mchongo huo una hoja, na hoja hiyo husomeka hata bila mwongozaji: sheria ina wazee wengi.

Darasani mambo ni tofauti. Mpita njia wa Austin anaweza kulikwepa jiwe. Mtoto wa shule hawezi kuukwepa ukuta unaomtazama mwaka mzima, naye yuko pale kwa sababu sheria inamtaka awepo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya Kentucky iliyotaka bango la Amri Kumi katika kila darasa la shule za umma, ingawa chini ya bango kulikuwa na maandishi madogo yaliyodai kwamba matumizi yake ni ya kisheria, si ya kidini.

Hata hivyo, mwezi Juni 2024 Louisiana ilipitisha sheria ya namna ileile: bango lisilopungua inchi 11 kwa 14, katika kila darasa, amri zikiwa ndicho kitu kikuu na herufi zikiwa za kusomeka kwa urahisi. Texas na Arkansas zilifuata mwaka 2025. Mwezi Juni mwaka huo jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa lilikubali kwamba sheria ya Louisiana inakiuka Katiba, na jimbo likaomba shauri lisikilizwe upya na majaji wote wa mahakama hiyo.

Watetezi wa sheria hiyo husema Amri Kumi ni hati ya kihistoria. Lakini hati ya kihistoria ina tarehe, lugha, mkono ulioiandika na mahali ilipohifadhiwa. Maneno ambayo sheria ya Louisiana imeyaweka neno kwa neno ni yaleyale ya jiwe la Austin. Nayo yalitokana na mashauriano ya watu wa imani mbalimbali, katika karne ya 20, waliotafuta matini ambayo haitaegemea dhehebu lolote. Walikusudia mema. Walichokipata ni ufupisho wa Kiingereza cha kale, usio na namba, na ambao si nakala ya hati yoyote ya zamani.

Kukosekana kwa namba si jambo dogo, na msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kwa nini. Mtanzania akisikia kwamba fulani amevunja amri ya sita, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini hesabu hiyo ni ya Wakatoliki na Walutheri. Kwa Mwanglikana au Msabato, uzinzi ni amri ya saba, kwa kuwa katazo la sanamu limehesabiwa kuwa amri inayojitegemea. Kwa Wayahudi pia ni ya saba, ila kwa mpangilio mwingine. Kila hesabu ina karne za mafundisho nyuma yake. Bunge linapochagua maneno na mpangilio wake, limeingia katika mjadala huo wa kiteolojia bila mamlaka yoyote ya kuuamua, na waumini ndio wa kwanza kupoteza: kitabu chao kimehaririwa na serikali.

Louisiana inapaswa kulijua hilo kuliko majimbo mengine. Ukatoliki umeota mizizi huko tangu enzi za Wafaransa na Wahispania, kiasi kwamba hadi leo jimbo halina kaunti; lina parokia. Mtoto wa New Orleans aliyejifunza amri zake kwenye katekisimu atakuta ukutani pa darasa lake katazo la sanamu likiwa na mstari wake wenyewe, tofauti na alivyofundishwa. Akimuuliza mwalimu ni orodha ipi iliyo sahihi, mwalimu huyo, mtumishi wa umma, atatakiwa kutoa jibu.