Mwanamume wa Kwanza Kumtongoza Uhura Alisema Kiswahili

Wapenzi wa Star Trek hawachoki kubishana. Tamthilia yenyewe ilianza mwaka 1966, lakini swali la nani alimpenda nani ndani ya chombo cha Enterprise bado ni moto. Je, Luteni Uhura, yule dada wa mitambo ya mawasiliano, moyo wake ulikuwa kwa Spock mwenye masikio yaliyochongoka? Au kwa Kapteni Kirk, aliyembusu mbele ya kamera mwaka 1968? Au kwa fundi mkuu Scotty, aliyejongeleana naye katika filamu ya mwaka 1989? Watu wanahesabu vipindi, wanachambua kila jicho lililotupwa, wanapimana kwa vijiswali. Katika mabishano hayo yote yupo mwanamume mmoja anayesahauliwa, na sisi wasemaji wa Kiswahili, kuanzia Mombasa hadi huku Kakanda, Katanga, ndio tuliopaswa kumkumbuka kwanza.

Alionekana usiku uleule tamthilia ilipoanza. Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilionyesha kipindi kiitwacho The Man Trap, kilichoandikwa na George Clayton Johnson. Mapema katika kipindi hicho Uhura amechoka na kazi. Anamgeukia Spock na kumchokoza: mbona hamwambii kwamba yeye ni msichana mzuri, au mbona hamsimulii jioni za sayari ya Vulcan zinavyokuwa mwezi ukiwa mpevu? Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hashangai.

Baadaye yuko peke yake kwenye ujia wa chombo. Mbele yake anasimama baharia mweusi, kijana mtanashati, sare imemkaa. Anamtazama kama mtu anayemfahamu siku nyingi, na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimuwaza. Kisha anamsemesha Kiswahili. Uhura anaduwaa, anajibu kwa Kiswahili, na kijana anazidi kumsogelea. Kinachomwokoa ni sauti ya kipaza sauti inayomwita kazini. Kwa maana yule si mtu. Ni dubwana la sayari nyingine linalonyonya chumvi ya mwilini mpaka mtu afe. Aliyecheza nafasi hiyo ni mwigizaji Vince Howard. Matamshi yake si ya Pwani wala si ya Katanga, ila Kiswahili chenyewe kipo, kimesemwa kwa sauti, katika saa ya kwanza kabisa ya Star Trek.

Wengi huliona tukio hilo kama kitisho kidogo na kulipita. Mimi naona ndiyo habari kubwa ya mapenzi ya Uhura. Dubwana lile halijigeuzi ovyo. Linasoma moyo wa mtu na kuvaa sura ya yule anayemtamani. Kwa Daktari McCoy lilikuja kama Nancy, mpenzi wake wa zamani. Kwa Uhura, mtu aliyekuwa akimtamani ni mwanamume mweusi anayezungumza lugha yake. Hakuwa Kirk, hakuwa Spock. Waandishi walitueleza mapema kabisa kwamba dada huyu, katikati ya nyota, anapowaza mapenzi anawaza kwa Kiswahili, na hiyo ni heshima ambayo televisheni ya Marekani ya wakati ule haikuwa na mazoea ya kumpa mwanamke mweusi.

Kiswahili kilifikaje Hollywood? Nichelle Nichols, mwigizaji aliyemcheza Uhura, ameeleza kwamba alikwenda kwenye usaili na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalipenda jina, wakalilainisha likawa la kike. Ndio wakati wenyewe huo. Kongo ilikuwa imepata dipenda mwaka 1960, Tanganyika mwaka 1961, Kenya mwaka 1963, na Wamarekani weusi walikuwa wakiitazama Afrika kwa macho mapya. Mwezi Desemba 1966, Star Trek ikiwa na miezi mitatu tu hewani, mwanaharakati Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa mjini Los Angeles, na nguzo zake saba zote akazipa majina ya Kiswahili. Studio za Star Trek zilikuwa mji huohuo.

Huku kwetu miezi hiyo ilikuwa na habari zake. Televisheni ya taifa ilizinduliwa Kinshasa Novemba 1966, na kuingia mwaka 1967 Serikali ikaichukua mali ya Union Minière, kampuni iliyotawala migodi ya Katanga kwa miaka 60. Star Trek nayo ilikuja kutafsiriwa kwa Kifaransa huko Québec, ikaitwa Patrouille du cosmos.

Kiswahili kilirudi mara ya pili tarehe 29 Septemba 1967, katika kipindi cha The Changeling. Mtambo uitwao Nomad unafuta kila kitu kichwani mwa Uhura, na muuguzi Chapel anakaa naye kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Uhura anakwama kwenye neno, anakasirika, na hasira inamtoka kwa Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Hapo wapenzi wa tamthilia huuliza: kama kumbukumbu yote imefutwa, Kiswahili kimebaki wapi? Wengine huona ni kosa la waandishi. Mimi nasema hawakukosea. Lugha uliyonyonya pamoja na maziwa hukaa mahali ambapo mtambo haufiki.

Lile busu linalotajwa kila mahali lilionyeshwa tarehe 22 Novemba 1968, katika Plato's Stepchildren. Husemwa kuwa ndilo la kwanza kati ya mweupe na mweusi katika televisheni, na hilo si kweli: Waingereza walikuwa wameshaonyesha la kwao miaka kadhaa kabla. Ujasiri wake siubezi, maana viongozi wa kituo waliogopa majimbo ya kusini. Lakini kwa habari ya mapenzi halina uzito. Katika hadithi, Kirk na Uhura wanalazimishwa na watu wenye nguvu za kuendesha viungo vya wengine. Hakuna aliyechagua. Anayetafuta mapenzi ya kweli arudi kwenye kipindi cha Charlie X cha Septemba 1966, Spock akipiga kinubi chake na Uhura akimwimbia kwa utani mbele ya wenzao. Filamu ya mwaka 2009 ilijenga juu ya hapo. Kirk anahangaika filamu nzima kulijua jina la kwanza la Uhura, kisha anamsikia Spock akimwita Nyota, wakiwa wamekumbatiana. Jina hilo halikutajwa hata mara moja katika vipindi 79 vya awali. Mwandishi William Rotsler ndiye aliyelipendekeza, miaka mingi baada ya tamthilia kwisha.

Kidogo tu na Uhura asingevuka msimu wa kwanza. Msimu huo ulipokwisha, Nichols aliamua kuacha. Katika hafla ya chama cha kutetea haki za Weusi alikutana na Martin Luther King, ambaye alimwambia yeye na familia yake huitazama tamthilia na akamsihi asiondoke. Akabaki. Mwaka 1977 shirika la NASA likamtumia kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga.

Mwaka huohuo roketi iliruka kutoka ardhi ya Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyopewa na Rais Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa jimbo, ilirusha ya kwanza tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa Ufaransa kushuka kwa miamvuli Kolwezi. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka Mobutu akitazama, na mwaka uliofuata kampuni ikafukuzwa. Hivyo basi anga halikuwa jambo la mbali kwa mtu wa Katanga, wala halijawa la mbali leo. Kobalti ya Kakanda ni madini ya jamii ileile inayotiwa katika vyuma vya kuhimili joto la injini za ndege.

Huko Marekani, Mae Jemison, aliyekua akimtazama Uhura, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, Septemba 1992. Husemwa pia kuwa anazungumza Kiswahili. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 89.

Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, watu waliozifanya filamu za kigeni ziongee Kiswahili na mitaa ikajaa watazamaji. Star Trek sijasikia kama imepata bahati hiyo. Ndugu zetu wenye vituo vya televisheni Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, tafuteni haki za kuionyesha na mtafute sauti za kuisimulia kwa Kiswahili chetu. Anzeni na The Man Trap, na yule baharia asiye na jina mpeni mtu wa Katanga amsemee.