Blaindi isiyo na kamba: kwa nini ikiharibika usiirudishie kamba

Blaindi ya kisasa isiyo na kamba unaishika kwa chini, unaisukuma juu, unaiachia, nayo inabaki palepale. Haina betri wala swichi. Halafu siku moja inagoma: ukiipandisha inashuka taratibu kama kichwa cha mtu anayesinzia. Hapo wengi hutafuta kamba wafunge, maisha yaendelee. Ngoja kwanza. Kamba iliondolewa kwa sababu, na sababu yenyewe ni nzito.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1769 Mwingereza Edward Bevan alipata hataza ya blaindi za vibao. Mwaka 1864 Mmarekani Stewart Hartshorn naye akapata hataza ya rola yenye springi ndani. Hii ya pili ndiyo tamu kwa mpenzi wa fizikia. Ukivuta kitambaa chini, unajaza springi kama unavyojaza saa ya zamani. Pembeni mwa rola kuna gurudumu la meno na ulimi mdogo wa chuma. Rola ikizunguka polepole, ulimi unaangukia kwenye meno kwa uzito wake tu, na pazia linasimama. Ukilivuta kidogo kisha ukaliachia, rola inazunguka kwa kasi, ulimi unarushwa nje, hauwahi kushika jino, na pazia linapanda lenyewe.

Kumbe basi pazia lisilo na kamba si jambo geni! Mbona kamba zikatawala? Kwa sababu blaindi za vibao ni nzito, na kamba yenye kifungio ni rahisi kutengeneza.

Gharama yake ilikuja kuonekana kwa watoto. Kati ya mwaka 1981 na 1995, watafiti walihesabu vifo 183 vya watoto walionyongwa na kamba za madirishani nchini Marekani. Mtoto mdogo ana kichwa kizito na hana nguvu ya kujinasua. Tena hufa kimyakimya, kwa sababu kamba ikishabana koo hawezi kulia.

Tiba za mwanzo zilikuwa viraka. Mwaka 1995 watengenezaji walianza kuacha vitanzi kwenye ncha za kamba za kuvutia. Ikaonekana kwamba hata kamba za ndani, zile zinazopita katikati ya vibao, zinaweza kuvutwa zikawa kitanzi. Mwaka 2000 blaindi zipatazo milioni 85 zikatangazwa kuwa zinahitaji kurekebishwa. Mwaka 2009 yakafuata mapazia ya kukunja yapatayo milioni 50. Ni mwishoni mwa 2018 ndipo kiwango cha Marekani kilipotaka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba, au kamba zake ziwe fupi au zisifikike. Yaani wazo la springi likarudi kazini, miaka zaidi ya 150 baadaye.

Sasa tuje kwenye yako iliyogoma. Ndani ya reli ya juu kuna springi ya utepe wa chuma na vigurudumu vinavyokunja nyuzi. Springi inavuta juu, uzito unavuta chini, na msuguano unamaliza ubishi. Kadiri unavyopandisha, vibao vinarundikana juu ya reli ya chini na mzigo unaongezeka. Ndiyo maana springi iliyolegea hujionyesha zaidi blaindi ikiwa juu.

Jaribu hivi kwa mpangilio:

1. Ikikataa kubaki juu, ishushe hadi mwisho, kisha ipandishe hadi juu kabisa kwa mkono. Rudia mara kadhaa. Mara nyingi nyuzi hujipanga upya.
2. Ikipanda upande mmoja, ishushe yote, shika katikati ya reli ya chini kwa mikono miwili, uipandishe taratibu. Kushika kona moja ndiko huzaa tatizo hili.
3. Kama ni rola ya Hartshorn na imelegea, ivute hadi nusu, itoe kwenye vishikio, kunja kitambaa kwa mkono, uirudishe. Umeongeza mizunguko ya springi bila kufungua kitu.
4. Uzi ukikatika au springi ikivunjika, usifungue kasha la springi. Utepe ule ni mkali na una nguvu iliyohifadhiwa; ukifyatuka unakata vidole.

Ikifika hapo, badilisha. Kama blaindi inakaa ndani ya fremu, pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, uchukue kipimo kidogo kabisa, maana kuta hazinyooki kama tunavyodhani. Kwenye dukani uliza kwanza kama vipimo vyao tayari vimeacha nafasi ya pembeni, usije ukapunguza mara mbili.

Kufunga kamba kutafanya blaindi ipande, ni kweli. Lakini utakuwa umerudisha kitu kilekile kilichochukua zaidi ya miaka 20 kuondolewa. Na kama nyumba uliyopanga bado ina blaindi za kamba, anza na chumba cha mtoto: sogeza kitanda chake mbali na dirisha leo, mpango wa kununua mpya ufuate.