Maji ya rejeta yanapopungua bila kuvuja

Barabara ya Embu kuelekea Meru, inayoteremka na kupanda mabonde ya mito ya Thuchi na Nithi, huitesa injini. Dereva anayeongeza maji kila asubuhi ilhali chini ya gari ni pakavu, na aanze na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi. Kikilegea, shinikizo hupotea na maji huchemka mapema. Katika mwinuko wa mita 1,500, karibu sawa na wa mji wa Meru, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au oili yenye rangi ya maziwa, huashiria kwamba gasketi ya silinda imeungua. Hapo kuongeza maji ni kuahirisha gharama tu, kwani joto likizidi silinda hedi hupinda.