Pumzi ya Sekunde ya Kwanza

Tarehe 11 Juni 1963, mjini Jackson katika jimbo la Mississippi, daktari James Hardy na wenzake walitoa pafu katika mwili wa mtu aliyetoka kufariki, wakamwekea mgonjwa wa saratani. Lilikuwa jaribio la kwanza la aina hiyo kwa binadamu. Pafu lilifanya kazi, lakini figo za mgonjwa zilishindwa, naye akafariki siku ya 18.

Katika miaka 20 iliyofuata yalifanyika majaribio yapatayo 40 katika nchi mbalimbali, na karibu yote yaliishia msibani. Kikwazo kikubwa kilikuwa pale bomba la hewa la pafu jipya lilipounganishwa na la mgonjwa: mshono haukupona, na baada ya wiki chache uliachia. Joel Cooper na wenzake wa Toronto, Kanada, walirudi maabara. Majaribio yao kwa wanyama yalionyesha kwamba steroidi, zilizotolewa kwa wingi ili mwili usilikatae pafu, ndizo zilizozuia kidonda kufunga. Wakazipunguza, na mshono wakauzungushia utando wa mafuta kutoka tumboni, wenye mishipa mingi ya damu. Wakati huohuo ilikuwa imepatikana siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, ambayo hutuliza kinga ya mwili. Mwaka 1983 Cooper alimpandikiza mgonjwa pafu moja, na mgonjwa huyo aliishi zaidi ya miaka sita.

Kule California, Bruce Reitz na Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wametangulia mwaka 1981, walipompandikiza Mary Gohlke moyo na mapafu kwa pamoja. Aliishi miaka mitano. Ilionekana kama vita vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Mwaka 1984 madaktari wa Stanford waliandika kuhusu jambo walilolishuhudia kwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamepona vizuri na kurudi kwao. Miezi au hata miaka baada ya upasuaji, mtu alianza kukohoa kikohozi kikavu. Ngazi alizozipanda bila taabu sasa zilimlazimisha asimame katikati ahemee. Picha ya eksirei mara nyingi haikuonyesha kitu. Chini ya hadubini ndipo siri ilipoonekana: vijia vyembamba kabisa vya hewa, visivyofika milimita mbili kwa upana, vilikuwa vimejaa kovu. Vingine vilikuwa vimezibika kabisa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa na Mjerumani Wilhelm Lange tangu mwaka 1901. Jipya lilikuwa chanzo chake. Kinga ya mwili, ambayo haikukoma kuliona pafu kuwa mgeni, ilikuwa ikivishambulia vijia hivyo kidogokidogo, na kila shambulio liliacha kovu.

Kuuthibitisha ugonjwa huu kukawa mtihani mwingine. Daktari hupitisha mpira mwembamba kooni na kunyofoa vipande vidogo vya nyama ya pafu, lakini makovu haya hukaa hapa na pale, na mara nyingi kipande kilichonyofolewa hutoka mahali pazima. Mgonjwa anakosa pumzi, majibu ya maabara yanasema hana kitu.

Ufumbuzi ulitoka kwenye kifaa cha zamani. Mwaka 1846 daktari John Hutchinson wa London alitangaza spirometa yake, chombo cha kupima hewa ambayo mtu anaweza kuipumua. Alikuwa ameijaribu kwa watu zaidi ya 2,000. Kipimo cha leo hakijaenda mbali nayo. Mgonjwa anakaa wima, pua imebanwa kwa kibanio, midomo imeshika mrija. Anavuta hewa mpaka kifua kimejaa, kisha anaitoa kwa nguvu zake zote huku mpimaji akimhimiza asikate mpaka iishe. Kinachotazamwa zaidi ni kiasi cha hewa kilichotoka katika sekunde ya kwanza.

Mwaka 1993 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana kwamba kipimo hicho kiwe ndicho mwamuzi. Mgonjwa akishuka asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango chake bora baada ya upasuaji, na hali hiyo isiwe na sababu nyingine, atahesabiwa kuwa na ugonjwa. Baada ya hapo hospitali za Leuven (Ubelgiji), Toronto na Stanford ziliweza kulinganisha wagonjwa wao kwa kipimo kimoja. Mwaka 2011 watafiti wa Toronto walionyesha kuwa kuna sura ya pili, ambapo pafu zima hukakamaa, na mwaka 2019 sura zote mbili ziliwekwa chini ya jina moja la kudhoofika kwa pafu lililopandikizwa. Takriban nusu ya waliopandikizwa mapafu hupata hali hiyo ndani ya miaka mitano.

Waliopandikizwa uloto kutoka kwa mtu mwingine nao hawakusalimika. Kwao mambo hugeuka: seli za kinga zilizotoka kwa mchangiaji ndizo humshambulia mwenyeji, na mapafu hupata makovu yaleyale. Hapo ndipo historia hii inapotoa funzo lake zito. Azithromaisini, antibayotiki inayouzwa katika kila duka la dawa, ilikuwa imewasaidia baadhi ya waliopandikizwa mapafu, na jaribio la Leuven lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba huweza hata kukinga. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba wa uloto nao ingewafaa. Watafiti wa Ufaransa hawakutaka kukisia. Waliwagawa wagonjwa 480 wa saratani ya damu waliopandikizwa uloto kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Baada ya miaka miwili walio hai kati ya waliomeza dawa walikuwa asilimia 56.6, na kati ya wale wengine asilimia 70.1; saratani ya damu ilikuwa imewarudia zaidi waliomeza dawa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu matumizi hayo.

Hadi leo hakuna dawa inayofuta kovu lililokwisha kukaa, kwa hiyo kugundua mapema ndiyo silaha iliyopo. Jambo hili sasa linatuhusu kwa karibu. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, Tanzania, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye seli mundu, na wengine watafuata. Wazazi wa watoto hao waulize kuhusu kipimo cha pumzi kabla ya kupandikizwa, na baada ya hapo wahakikishe hakikosekani katika ziara za kliniki hata mtoto anapoonekana mzima. Serikali nayo, inapotenga fedha za upandikizaji, itenge na za spirometa na za wapimaji waliofunzwa kuitumia.